Mnyoo bapa mvamizi ni nini?

Ukitaja mnyoo bapa, wengi humfikiria tegu au mnyoo wa kichocho. Hawajakosea, maana wote ni wa kundi moja la wanyama laini wenye mwili uliobapa. Ila wapo minyoo bapa ambao hawaishi tumboni wala damuni mwa yeyote. Hukaa kwenye udongo wenye unyevu, chini ya mawe, magogo na vyungu vya maua, na huwinda. Baadhi yao windo lao kubwa ni nyungunyungu.

Neno "mvamizi" lina masharti mawili. Kwanza, kiumbe awe amefikishwa na binadamu mahali ambapo hakuwepo. Pili, akiisha kufika azaliane, aenee na kuwadhuru wenyeji. Mgeni asiyedhuru ni mgeni tu. Mnyoo huyohuyo akiwa kwao si mvamizi hata kidogo.

Mfano unaojulikana zaidi ni mnyoo bapa wa New Zealand, ambaye kitaalamu huitwa Arthurdendyus triangulatus. Kwao ni Kisiwa cha Kusini cha nchi hiyo. Mwaka 1963 alionekana Belfast, mji wa Ireland ya Kaskazini, na miaka miwili baadaye Scotland. Hana mbawa, na mwendo wake ni wa kutambaa taratibu. Aliyemvusha bahari ni mtu, kwa kusafirisha mimea pamoja na udongo wa mizizi yake. Juu ana rangi ya kahawia iliyokoza, pembeni na chini ni mweupe wa maziwa yaliyochuja. Akijinyoosha huweza kupita sentimita 15.

Namna anavyokula inastahili kuelezwa polepole. Humfuata nyungunyungu hadi ndani ya shimo lake, akamzonga na kumgandamiza kwa ute unaonata. Mdomo wake hauko kichwani, uko tumboni, karibu na katikati ya mwili. Hapo hutokeza koromeo na kumwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ya windo, kisha hufyonza ule uji. Hana njia ya haja, hivyo mabaki hutokea mdomoni humohumo. Chakula kikikosekana husinyaa, akaendelea kuishi kwa miezi mingi.

Wapo wengine. Obama nungara, aliyetoka Amerika Kusini, ameenea sana Ufaransa. Jina lake limeundwa kwa maneno ya Kitupi yenye maana ya jani na mnyama, wala halihusiani na rais wa zamani wa Marekani. Bipalium kewense ana kichwa kilichotanuka kama nyundo. Alielezwa kisayansi mwaka 1878 kutokana na vielelezo vilivyokutwa katika bustani ya Kew, London, ingawa asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Mwilini mwake imegunduliwa sumu ileile aliyo nayo samaki bunju, kwa hiyo usimshike kwa mkono mtupu. Wala usimkatekate kwa jembe ukidhani umemuua: kipande cha mkia huota kichwa na kuwa mnyoo kamili.

Kwa nini tuhangaike? Kwa sababu nyungunyungu ndio wanaotoboa njia za maji na hewa ardhini na kuyavuta majani makavu chini yakaoze. Wanaoumia zaidi ni wale wakubwa wanaochimba mashimo ya kwenda chini wima. Jaribio la shambani lililochapishwa mwaka 2013 lilikadiria kwamba mnyoo wa New Zealand huweza kupunguza uzito wa nyungunyungu wote kwa asilimia 20, lakini wa kundi hilo la wachimbaji wima kwa asilimia 75. Pengo hilo kati ya namba mbili ndilo linalonitia hofu: ukihesabu jumla tu, hasara unaiona ndogo.

Usimchanganye na koa, mwenye pembe za kupapasia, wala na ruba, mwenye vikombe vya kunyonyea. Ukimpata, mtie kwenye chombo chenye maji ya moto au chumvi nyingi. Na kabla ya kupanda mche ulionunua, uinue kutoka kwenye chungu na utazame udongo wa mizizi. Mnyoo mwenyewe huonekana kirahisi. Kinachopita bila kutambuliwa ni kifuko cha mayai: kidogo, cheusi, king'aavu, mithili ya tunda dogo lililodondoka, na ndani yake mna watoto kadhaa.