Je, wajua? Komprehensivu na thadi pati mara nyingi humlipa uliyemgonga kiasi kilekile

Nenda kwa ajenti yeyote wa bima katikati ya Nairobi, umwambie unataka kujikinga vilivyo. Kitu cha kwanza atakachotaka kujua ni thamani ya gari lako. Vitz ya shilingi 700,000 ina bei yake, Prado ya milioni 6 ina yake. Mwenye Prado hutoka pale na komprehensivu, bima inayolipia hata gari lake mwenyewe, akiwa ametulia: akigonga mtu, kampuni itamalizana naye. Mwenye Vitz, aliyechukua thadi pati, yaani bima ya watu wengine tu, kwa sababu mfuko haukuruhusu zaidi, hutoka akiona kwamba amebahatisha tu. Lakini mbele ya mtu waliyemgonga, hawa wawili mara nyingi wana kinga ileile.

Komprehensivu ni thadi pati iliyoongezewa gari lako mwenyewe. Pesa za ziada unazolipa ni za bodi yako, vioo vyako, moto na wizi. Ile sehemu ya dhima, yaani deni unalowiwa na wengine kwa sababu ya ajali, inakaa kando na ina kikomo chake, wala thamani ya gari haiigusi. Na ingekuwa ajabu kama ingeigusa. Vitz kuukuu ikienda kilomita 80 kwa saa haivunji nyonga kwa bei ya chini. Ndiyo maana swali la “komprehensivu au thadi pati?” halijibu hata kidogo swali la “nikimwumiza mtu, nimekingwa hadi wapi?” Mtu anaweza kulipa laki mbili na nusu kwa mwaka bila kuwahi kuuliza hilo la pili, na ajenti naye asiwe na haraka ya kulileta.

Sheria yenyewe ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, na inamtaka kila anayeingiza gari barabarani awe na bima ya kifo na majeraha ya watu wengine. Uingereza ilipitisha sheria ya kulazimisha bima ya namna hiyo mwaka 1930, na huko leo upande wa majeraha hauna kikomo. Kenya kipo: sheria hailazimishi bima kupita shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja.

Watu wengi husoma hiyo milioni 3 kana kwamba ndiyo fidia ya juu kabisa ambayo korti inaweza kutoa. Sivyo. Ni kikomo cha anayekulipia, si kikomo cha unachodaiwa. Fikiria ploti ya Umoja au Pipeline wakati wa mgao wa maji, ambapo mwenye ploti ametangaza mitungi mitatu kwa kila mlango. Mlango wenye mtu mmoja unapata hadi mitatu, wenye watu wanane vilevile. Wale wanane wakihitaji mitungi kumi, kiu yao haipungui kwa sababu ya tangazo; saba iliyobaki watainunua kwa mkokoteni. Na jirani akitumia mtungi mmoja tu, miwili aliyoiacha haihamii mlango wa pili. Kwa bima, mlango ni kila mdai na mtungi ni milioni. Ukiumiza watu wawili, mmoja akapewa laki nne na mwingine milioni 9, kile kisichotumika kwa wa kwanza hakimfuati wa pili.

Milioni 9 si tarakimu ya kutisha watoto. Chukua mfano wa kubuni: mtu wa miaka 35, mwenye mke na watoto, anayepeleka nyumbani shilingi 80,000 kwa mwezi baada ya makato, amegongwa na kufariki akivuka Mombasa Road. Familia ikishtaki, korti huanza na mapato ya mwaka, ambayo ni 960,000. Huzidisha kwa miaka ambayo marehemu angeendelea kuchuma, tuseme 20, inakuwa milioni 19.2. Kisha hutoa sehemu ambayo angejitumia mwenyewe. Mwenye familia mara nyingi huhesabiwa kuwa theluthi mbili zilikwenda nyumbani. Inabaki milioni 12.8, kabla ya gharama za mazishi na vipengele vingine. Kampuni ya bima ikitoa milioni 3, inabaki 9.8.

Hesabu hii si amri. Jaji mmoja ataona miaka 20, mwingine 12. Pasipo ushahidi wa mapato, korti inaweza kutumia kima cha chini cha mshahara au kutoa kiasi cha jumla. Marehemu akionekana alichangia ajali kwa asilimia 30, milioni 12.8 hushuka hadi 8.96. Hata hivyo, utaona kwamba haihitaji mkurugenzi wa Upper Hill kuipita milioni 3. Mwalimu au fundi mwenye kazi ya kudumu anatosha.

Kinachobaki hudaiwa mshtakiwa, na si dereva peke yake. Mwenye gari anaweza kuwajibishwa kwa kosa la dereva aliyemtuma, na sheria humchukulia aliye kwenye logibuku, hati ya usajili wa gari, kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Asipolipa, madalali wanaweza kuja kubeba mali. Kwa hiyo kipimo cha kinga unayohitaji ni kile ulicho nacho cha kupoteza: ploti ya Kitengela, akiba ya sacco, nyumba ya kupangisha. Asiye na kitu ana sababu ndogo ya kununua zaidi ya kinachotakiwa na sheria, jambo ambalo si la haki hata kidogo kwa majeruhi.

Mali ya watu ni habari nyingine. Sura ya 405 hailazimishi bima ya mali. Kampuni huiweka zenyewe, na kila sera ya bima ina kiasi chake. Usiku mmoja Thika Road unaweza kukugharimu kingo za chuma, mlingoti wa taa na V8 ya mtu, vyote chini ya kikomo kimoja cha ajali moja.

Kikomo huongezwa kwa kuomba, tena kwa maandishi. Kwa kuwa madai makubwa ni machache kuliko madogo, milioni za juu kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko za chini. Ukiwa hapo, mwambie ajenti akuonyeshe pia mstari wa abiria. Kwa gari la kibinafsi lisilobeba watu kwa nauli, sheria hailazimishi abiria wawemo, na mwenzako wa ofisini unayempa lifti kila asubuhi kutoka Rongai ni abiria.