Bildi ya sauti: meli inavyopima kilindi cha bahari ya kusini

Mtwara ukitaja meli ya utafiti, swali la kwanza ni gesi. Hatushangai. Lakini meli inayochora ramani ya sakafu ya bahari haichimbi wala haitafuti kilichofukiwa chini yake. Inapima kina, basi.

Mzee yeyote aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi anaijua kazi hii. Alitupa bildi, kipande cha risasi kwenye kamba, ikigusa chini akahesabu pima. Karibu na miamba bildi inatosha. Ukishaupita mwamba, mteremko unakatika: visima vya gesi vya kitalu namba 2, mbele ya Lindi, vimechimbwa penye maji ya zaidi ya mita 2,000. Kamba gani hiyo?

Bildi yetu ni sauti. Chombo kilichofungwa chini ya tumbo la meli kinapiga mlio unaotanda kulia na kushoto kama upepeo, kisha kinasikiliza mwangwi wa kila upande, vipimo mamia kwa mlio mmoja. Ukiwa umelala chumba cha chini unausikia: kama ndege anayelia, akanyamaza, akalia tena. Majini sauti inakwenda takriban mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, umekwenda na kurudi, kwa hiyo kina ni mita 3,000.

Hesabu ni nyepesi, maji ndiyo yenye hila. Juu bahari yetu ina joto la nyuzi 27 hivi. Mita 1,000 chini haifiki hata 10. Joto, chumvi na mgandamizo hubadili mwendo wa sauti, na pia huipinda, kama upondo unavyoonekana umevunjika ukiuchovya majini. Ukikosea mwendo kwa asilimia 1 tu, kina cha mita 3,000 kinakosewa kwa mita 30. Mpimaji hulijua kosa hili kwenye skrini: sakafu iliyo tambarare inainuka kingo zote mbili, kama mtumbwi. Hapo meli inasimama na kushusha kifaa cha kupima maji yenyewe, juu hadi chini. Saa kadhaa zinapotea, na wenye kulipia mafuta hawafurahi. Bila hivyo tutawachorea bonde lisilokuwepo.

Bahari ya bluu mnayoiona kwenye ramani za simu sehemu kubwa ni makadirio ya setilaiti. Mradi wa kimataifa wa Seabed 2030 ulipoanza mwaka 2017, sakafu iliyopimwa hasa duniani ilikuwa kama asilimia 6. Kufikia 2024 ilizidi robo kidogo. Kwetu jambo hili lina uzito, maana kasi ya wimbi la tsunami hufuata kina. Penye mita 4,000 linakimbia takriban kilomita 700 kwa saa, na likifika maji mafupi linapunguza mwendo na kuinuka. Lile la Desemba 26, 2004 lilitufikia kutoka Sumatra. Anayekokotoa litafika saa ngapi Kilwa au Mikindani anahitaji kina cha kweli, si cha kukisia.

Kuna swali jingine tunaloulizwa ufukweni, na wavuvi hasa: je, ramani itaonyesha kitu kilichozama? Kwa kina cha mita 3,000, mwale mmoja wa sauti wenye upana wa nyuzi 1 unafunika eneo la mita 50 hivi, na humo kipimo ni kimoja. Jahazi zima likilala hapo hatulioni. Kwa hiyo mashine ya boti iliyodondoka mwaka jana, samahani, ramani hii haitaionyesha.