Uzamili wa makumbusho si historia ya sanaa kwa jina jingine

Wengi hudhani shahada ya uzamili ya usimamizi wa makumbusho ni kusoma michoro na wachoraji. Sivyo. Sanaa imo, lakini sehemu kubwa ni kumbukumbu, mikataba, bajeti na uhifadhi.

Chukua namba ya usajili, mfano 2019.14.3: mwaka kifaa kilipopokelewa, fungu kilimokuja, kisha kifaa chenyewe. Huandikwa mahali pasipoonekana kwenye maonyesho, kwa namna inayofutika bila kuacha alama. Namba ikipotea, kifaa hutengana na hati zake, na kuthibitisha kilitoka wapi huwa kazi ngumu. Hapo ndipo Mkataba wa UNESCO wa 1970 kuhusu biashara haramu ya mali za kitamaduni huanza kukusumbua.

Mwanga nao una hesabu zake. Vitambaa na karatasi huwekewa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Michoro ya rangi za mafuta, hadi 200. Madhara hujilimbikiza: saa 10 za luksi 50 ni sawa na saa 5 za luksi 100. Rangi ikishapauka, hairudi.

Kwa hiyo mwenye shahada ya sheria, uhasibu au kemia asijitoe mapema. Asome kwanza masharti ya kozi.