Officina profumo-farmaceutica: maana yake na ilikotoka

Kuna nyumba ya manukato mjini Firenze, Italia, katika barabara ya Via della Scala, inayoitwa Officina Profumo-Farmaceutica di Santa Maria Novella. Jina ni refu, lakini historia yote ya nyumba hiyo imo humo ndani.

Officina ni neno la Kilatini, maana yake karakana. Katika monasteri za Ulaya lilitumika kwa chumba ambamo watawa walihifadhi mitishamba na kutengenezea dawa. Neno hilo tunalo hata jikoni kwetu: tangawizi kwa jina la kitaalamu huitwa Zingiber officinale, yaani ile ya chumba cha dawa. Profumo ni manukato, farmaceutica ni ya dawa. Karakana moja, kazi mbili.

Kwa watawa wa monasteri ya Santa Maria Novella, walioanzisha nyumba hii, hata hivyo, kazi ilikuwa moja. Wakati wa tauni watu waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu, basi harufu nzuri ilikuwa kinga. Maji ya waridi ya Santa Maria Novella yametajwa kwenye maandishi ya mwaka 1381. Maua yalichemshwa, mvuke ukapozwa ukarudi kuwa maji. Maji hayo yalisafishia nyumba, na wagonjwa waliyanywa kwa divai. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye nyumba yenye mrashi haitamshangaza kwamba maji ya waridi ni ya kunukia na ni ya mwili pia.

Nyumba hiyo hujitambulisha kwa mwaka 1221, watawa wake, wa shirika la Kikatoliki la Mtakatifu Dominiko, walipofika Firenze. Mimi naona 1381 na 1612 ndiyo miaka yenye uzito zaidi. Mwaka 1612 mlango ulifunguliwa kwa umma, na kilichokuwa cha watawa na wagonjwa wao kikawa biashara.

Kabla ya hapo, masimulizi ya nyumba yanasema, walimtengenezea Caterina de' Medici, binti wa ukoo wa watawala wa Firenze aliyekuja kuwa malkia wa Ufaransa, maji ya manukato yenye bergamoti, tunda la jamii ya limau na danzi. Caterina aliolewa Ufaransa mwaka 1533, akiwa na miaka 14, na manukato yake yakaitwa Acqua della Regina, maji ya malkia.

Mwaka 1866 serikali ya Italia ilitaifisha mali za watawa. Karakana ikaendelea mikononi mwa Cesare Augusto Stefani, mpwa wa mtawa wa mwisho aliyeiongoza. Ukumbi wa kuuzia ulikuwa kanisa dogo la Mtakatifu Nikola, lililojengwa karne ya 14 kwa fedha za tajiri Dardano Acciaiuoli, aliyetoa shukrani kwa watawa waliomuuguza akapona. Wanunuzi wa marashi husimama hapo hapo, chini ya dari la kanisa lililojengwa na mgonjwa.