Ini lenye mafuta: si la walevi na wenye vitambi peke yao

"Ini kujaa mafuta ni ugonjwa wa walevi na wanene."

Pombe na unene vinachangia sana, hilo halina ubishi. Ila ukoo nao una mkono wake. Mwaka 2008 timu ya watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen huko Dallas, Marekani, iligundua badiliko dogo kwenye jeni (kipande cha urithi tunachopewa na wazazi) iitwayo PNPLA3. Kwa mwenye badiliko hilo, protini inayotengenezwa na jeni hiyo hung'ang'ania matone ya mafuta ndani ya ini na kuzuia yasivunjwe, yakabaki yamerundikana. Ndiyo maana unakuta mtu mwembamba asiyegusa pombe ana ini lililojaa mafuta. Kwa mnywaji, badiliko hilohilo humkaribishia sirosisi, yaani ini kujaa makovu.

"Waafrika hautupati."

Huko Dallas, Wamarekani Weusi waliokuwa na ini lenye mafuta walikuwa wachache kweli: asilimia 24, wazungu 33, na wenye asili ya Amerika ya Kilatini 45. Badiliko la PNPLA3 nalo lilifuata mpangilio huohuo. Lakini asilimia 24 ni karibu mtu mmoja katika kila wanne! Huo si usalama.

"Kama nimerithi, kujinyima ni kazi bure."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inamkatisha tamaa mtu anayeweza kupona. Nguvu ya jeni hii huongezeka kadiri uzito unavyopanda, na ukishuka, mafuta ya ini hupungua hata kwa aliyeirithi. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo sita hadi tisa, mara nyingi hata ini kuvimba kwa sababu ya mafuta hayo hutulia. Tena si kila urithi ni mbaya: mwaka 2018 watafiti walieleza badiliko la jeni HSD17B13 ambalo hulikinga ini.

"Lehemu yangu (mafuta ya kwenye damu) iko sawa, basi ini liko sawa."

Hapana. Badiliko la jeni nyingine, TM6SF2, huyabakiza mafuta kwenye ini badala ya kuyapeleka kwenye damu. Majibu ya damu yanatoka mazuri huku ini likielemewa. Hata vipimo vya vimeng'enya vya ini vinaweza kuwa vya kawaida. Mwenye kisukari, kitambi, au mzazi au ndugu wa damu aliyepata sirosisi bila kunywa pombe, amwambie daktari habari hiyo ya ukoo waziwazi na aulizie kipimo cha ultrasaundi.