Ukipanga kupeleka wanafunzi kituo cha bahari, anza na kalenda ya mwezi

Mwanafunzi wa bailojia wa Iringa au Mbeya anaweza kumaliza shahada bila kumwona ekinodemu hata mmoja akiwa hai. Kundi hilo lote, viti vya pweza, majongoo bahari na ndugu zao wa miiba tele (kwa Kiingereza sea urchin), halina spishi yoyote ya maji baridi. Pweza na ngisi nao ni vivyo hivyo. Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za samaki, lakini hao halina. Kinachobaki kwetu ni chupa za formalini kabatini: rangi imekwisha, na vile vimiguu laini ambavyo mnyama hutembelea vimesinyaa havionekani.

Idara nyingi hutibu upungufu huo kwa ziara: basi, siku moja ufukweni, picha, kurudi. Naiona kama nusu ya fedha imetupwa. Kituo cha bahari kinafundisha kwa sababu maji na hadubini vimekaribiana, na kwa sababu kesho unaweza kurudi kwenye jiwe lile lile na swali ulilolipata usiku. Mwanazoolojia Anton Dohrn alilielewa hilo alipoanzisha kituo cha Napoli, Italia, mwaka 1872: chuo kilikodi meza, na mtafiti aliyetumwa akakuta wanyama hai, maji ya bahari, vyombo na kemikali tayari. Mwaka uliofuata, kisiwani Penikese nchini Marekani, mwanasayansi Louis Agassiz alifungua shule ya kiangazi ya baharini, na waliolengwa walikuwa walimu. Wanaofundisha vyuo vya ualimu huku kwetu walikumbuke hilo wakiambiwa bahari ni ya watafiti tu. Sisi wenyewe tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar tangu 1978.

Sasa mipango. Kosa kubwa ni tarehe kuchaguliwa na ratiba ya mitihani. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa (kushuka) kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na kwa Zanzibar na Dar es Salaam maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Hiyo ni saa nzuri mno ya kufundishia. Kila siku saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo wiki moja baadaye maji yanapwa alfajiri na alasiri, tena ni maji mafu, yanayopwa kidogo tu: ukanda wa chini, wenye majani bahari na matumbawe, haufunuki. Kikundi kilichofika siku hizo kitasoma mchanga wa juu na kurudi kikidhani bahari ni tupu. Bora kufika siku mbili kabla ya bamvua na kukaa wiki mbili, bamvua hadi bamvua. Fedha zikibana, siku sita zinatosha kwa ukanda mmoja.

Kasi ya maji ifundishwe kabla ya kushuka. Katika saa sita za kujaa, maji hupanda takriban sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1 kati ya 12. Tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza huleta sentimita 30 tu, ila saa ya tatu na ya nne huleta sentimita 90 kila moja. Mtu wa bara huona maji yametulia, akaendelea kuhesabu. Kumbe mkondo ulio nyuma yake, upande wa nchi kavu, umeshajaa. Anzeni saa mbili kabla ya maji kupwa, mfuate maji yakishuka, muwe chini kabisa wakati wa kupwa, na mgeuke nusu saa baadaye bila mjadala.

Vifaa ni vichache: utepe wa mita 50, fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita, penseli (kalamu ya wino haifai), viatu vya soli ngumu. Konokono wenye umbo la pia wasiguswe, baadhi yao wana sumu ya kuua. Kila jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, maana walio chini yake hufa kwa jua. Siku ya kwanza wote wahesabu fremu moja, kila mtu peke yake, kisha mlinganishe. Hesabu zitapishana vibaya. Mpaka mkubaliane nini kinahesabiwa kuwa mnyama mmoja, takwimu za siku zinazofuata hazina maana. Na sifuri iandikwe; nafasi tupu kwenye daftari haisemi kama hakukuwa na kitu au hamkuangalia.

Alasiri ni ya maabara, na hapo zoezi moja linalipa safari nzima: kurutubisha mayai ya yule mnyama wa miiba. Spishi yake moja, Tripneustes gratilla, inapatikana kwenye majani bahari. Mchome sindano ya mililita 1 hadi 2 za kloridi ya potasiamu ya 0.5 M (moli 0.5 kwa lita) kwenye ngozi laini inayozunguka mdomo. Akitoa majimaji meupe ni dume. Jike hutoa mayai ya rangi ya manjano hivi. Jike mgeuze juu ya bika ya maji ya bahari. Mbegu za dume zikusanywe kavu, ziwekwe penye baridi, na zichanganywe na maji wakati wa kutumia tu, kwa kuwa zikishaingia majini hazidumu. Ndani ya dakika chache utando hunyanyuka kuzunguka yai, na katika joto la maji yetu seli hugawanyika mara ya kwanza baada ya saa moja hivi. Yai likigawanyika ovyo kuwa vipande vitatu au vinne kwa mara moja, mbegu zilizidi na zaidi ya moja imeingia. Punguza, urudie. Mayai ya ndugu wa mnyama huyu ndiyo yaliyompa mwanabailojia Tim Hunt protini za saiklini, zinazoongoza mgawanyiko wa seli, kule kwenye kituo cha bahari cha Woods Hole, Marekani, mwaka 1982, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Mwulizeni mwenyeji kuhusu mabomba. Shaba na zinki huua wanyama hawa hata kwa kiasi kidogo, hivyo maji yapite kwenye plastiki. Kituo makini kina njia mbili za kuingizia maji: moja ikitumika, nyingine imefungwa ili kome waliojishikiza ndani wafe na kusafishwa. Njia ikifunguliwa kabla haijasuuzwa vizuri, maji hutoka na harufu ya mayai viza na matangi yote hufa usiku mmoja. Umeme ukikatika, wapunguzeni wanyama kwenye tangi mara moja. Amonia na ukosefu wa oksijeni huwahi kuliko fundi.

Kabla ya kushuka pwani, mfanye mazoezi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ziwa halipwi kwa namna ya kuonekana, lakini ufukwe wa mawe na wa mchanga umekaribiana, na mpangilio wa utepe na fremu ni ule ule. Makosa ya kuhesabu yaishie huko, ambako siku ya ziada ni nafuu.

Msirudi na wanyama hai. Barabara ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, dumu linapata joto ndani ya basi, na kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 20. Rudini na daftari, sampuli chache zenye kibali, na lebo ya penseli ndani ya kila chupa; ya nje itafutika na spiriti kabla hamjafika mlima Kitonga, njiani kuelekea Iringa.