Utangamano uko kwenye ukurasa wa vigezo

Kazi yangu ni kuchambua rasimu za sera kabla hazijafika mezani kwa mawaziri. Karibu kila rasimu hufungua kwa sura ya maneno matamu: umoja, mshikamano, kutomwacha mtu nyuma. Sura hiyo naipita haraka. Ninakwenda moja kwa moja kwenye vigezo vya wanufaika, kanuni ya kugawa fedha, ratiba ya utekelezaji, na kile kifungu cha malalamiko ambacho aghalabu kimebanwa mwishoni kwa sentensi mbili. Huko ndiko jamii huungwa au huchanwa, na mara nyingi aliyeandika hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Wengi wakisikia serikali inakuza utangamano hufikiria tume ya amani, mabango, viongozi wa dini walioshikana mikono jukwaani. Sizibezi hizo, baada ya damu kumwagika zina kazi yake. Lakini mwananchi hakutani na serikali kwenye bango. Hukutana nayo anapoomba nyumba, anapompeleka mtoto chuo kikuu, anapotafuta ajira ya polisi, anapojaza mafuta. Akiona katika milango hiyo watu wa upande mmoja wanapita na wa upande wake wanabaki nje, hakuna tamasha litakalomtuliza.

Safari ya sera yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Jambo hujitokeza na kukubalika kuwa ni tatizo la serikali, si la mtu binafsi. Wataalamu wa wizara huandika dokezo lenye chaguzi mbili tatu na gharama zake. Hazina huzipunguza gharama hizo. Wizara nyingine hutoa maoni, wadau huitwa, waraka huenda baraza la mawaziri, na pakihitajika sheria, muswada huenda bungeni. Kisha hutungwa kanuni. Hapo kwenye kanuni ndipo waandishi wa habari wanapokuwa wameshaondoka, na ndipo mengi huamuliwa. Sheria husema nafasi zitolewe kwa haki. Kanuni ndiyo inayosema haki ni alama ngapi, kwa lugha gani, kwa fomu ipi, na mwisho wa kupokea maombi ni lini.

Chukua Sri Lanka. Mwaka 1956, miaka minane baada ya uhuru, bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kisinhala, lugha ya jamii iliyo kubwa, kuwa lugha rasmi pekee. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: Kiingereza kilikuwa lugha ya wachache waliosoma shule nzuri, na raia wa kawaida alikuwa akihudumiwa na serikali yake mwenyewe kwa lugha asiyoielewa. Ila utumishi wa umma ulikuwa mlango mkuu wa ajira kwa wasomi wa Kitamil, jamii ndogo yenye lugha yake, na kigezo kipya cha lugha kiliufunga mlango huo. Mwaka uliofuata Waziri Mkuu S. W. R. D. Bandaranaike alifikia makubaliano na kiongozi wa Watamil, S. J. V. Chelvanayakam, ili kulegeza mambo. Mwaka 1958 akayavunja kwa shinikizo la wenye msimamo mkali wa upande wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja hatua ya pili, ya kitaalamu zaidi kwa sura: kusawazisha alama za kuingia chuo kikuu, ambako wanafunzi wa Kitamil walihitaji alama za juu kuliko wenzao wa Kisinhala ili wapate nafasi za udaktari na uhandisi. Kitamil kilikuja kutambuliwa kuwa lugha rasmi kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1987. Wakati huo vita kati ya serikali na wapiganaji wa Kitamil vilikuwa vimeanza tangu 1983, na havikuisha hadi 2009.

Sisemi vita vile vilizaliwa na sheria moja na jedwali moja la alama. Yalikuwepo mengi. Ninachosema ni kwamba kijana aliyefaulu kisha akakosa nafasi hahitaji kuhubiriwa chuki na mtu. Jedwali limeshamwambia yeye ni nani machoni pa dola.

Kwa upande mwingine, kigezo kilichoandikwa vizuri kinaweza kufanya kazi ambayo hotuba elfu hazikuifanya. Mfano ninaoupenda ni Ireland Kaskazini, ambako Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa na uhasama wa muda mrefu, hasa kwa sababu una sura mbili, moja iliyoshindwa na nyingine iliyofanikiwa. Sheria ya mwaka 1976 ilipiga marufuku ubaguzi wa ajira kwa misingi ya dini au siasa. Mabadiliko yalikuwa madogo, kwa kuwa ilimsubiri aliyeonewa ajitokeze alalamike na athibitishe. Nani ataweza kuthibitisha kwamba hakuajiriwa kwa sababu ya dini yake? Sheria ya 1989 iligeuza mzigo: mwajiri ndiye alitakiwa kuhesabu wafanyakazi wake, Wakatoliki wangapi na Waprotestanti wangapi, apeleke takwimu kila mwaka, na akiona upande mmoja umepungua aeleze atafanya nini.

Sasa, watu wengi hawapendi kuulizwa dini yao kazini. Watunga kanuni walilijua hilo. Mfanyakazi asipojibu, mwajiri anaruhusiwa kukisia jamii yake kwa kuangalia, kwa mfano, shule aliyosoma, maana katika nchi ile shule humtambulisha mtu karibu sawasawa na dini yake. Maelezo hayo yanachosha kusoma, lakini bila hayo takwimu zingejaa mashimo na sheria ingebaki pambo. Hivyo ndivyo sera inavyofanya kazi, au inavyokwama.

Kwenye polisi mambo yalikuwa magumu zaidi. Baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 1998, ule wa amani kati ya pande hizo, tume iliyoongozwa na Chris Patten ilipendekeza jeshi lipewe jina jipya na nembo mpya, na kwa muda waajiriwa wapya wawe nusu Wakatoliki na nusu wengine. Wakatoliki walikuwa takriban asilimia 8 ya askari. Mpango ulianza 2001 na ulipofungwa mwaka 2011 walikuwa wamefika karibu asilimia 30. Waprotestanti waliofaulu usaili wakaachwa walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli: ilibidi sheria ya usawa ilegezwe kwa makusudi ili mpango uwe halali. Kwa maoni yangu ilistahili. Polisi ambayo sehemu kubwa ya raia haiwezi kuipigia simu bila woga haiwezi kulinda amani, hata ikiwa na magari mapya. Ila ningekuwa mnafiki nikisema hakuna aliyelipa gharama.

Gharama ndilo neno ambalo rasimu nyingi huliogopa. Singapore inalionyesha waziwazi. Baada ya ghasia za kikabila za mwaka 1964, na baada ya serikali kuona jamii zinaanza kujikusanya upya kila moja kwenye mitaa yake, mwaka 1989 iliweka ukomo wa idadi ya kaya za kila kabila katika kila jengo na kila mtaa wa nyumba za umma. Wakazi wengi sana wa nchi hiyo huishi kwenye nyumba hizo, kwa hiyo kanuni hiyo iligusa karibu kila mtu. Imefanikiwa kuzuia mitaa ya kabila moja. Lakini fikiria mwenye nyumba wa jamii ndogo, mfano Mhindi, anayetaka kuuza. Ukomo wa Wachina katika jengo lake ukishajaa, hawezi kumuuzia Mchina, ingawa ndio wanunuzi wengi zaidi. Atasubiri muda mrefu au atashusha bei. Yaani sera iliyotungwa ili kuwaunganisha watu wote humtoza zaidi yule yule wa jamii ndogo. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini hadi serikali ilipotangaza, mwaka 2022, kwamba shirika la nyumba litaweza kununua lenyewe baadhi ya nyumba za watu waliokwama hivyo. Fidia ile ingeweza kuwemo kwenye kanuni tangu siku ya kwanza. Swali la nani atalipa lilikuwa na jibu mapema; kilichokosekana ni safu ya kuliandika.

Halafu kuna mfuatano, jambo ambalo wachumi huliona dogo na wananchi huliona kubwa. Ufaransa mwaka 2018 ilianza kwa kufuta kodi ya jumla ya utajiri na kubakiza kodi ya majumba na ardhi peke yake. Julai ikapunguza mwendo wa magari kwenye barabara nyingi za vijijini kutoka kilomita 90 hadi 80 kwa saa. Kisha ikajiandaa kupandisha kodi ya mafuta Januari iliyofuata, kwa ajili ya mazingira. Kila uamuzi, ukiusoma peke yake, una wataalamu wa kuutetea. Mtu wa mji mdogo asiye na treni, anayeendesha gari kwenda kazini, aliisoma yote mitatu kwa pamoja: matajiri wamepunguziwa, mimi nimepunguziwa mwendo, sasa naongezewa bei. Novemba watu waliovaa vizibao vya njano wakafunga njia panda nchi nzima, na Desemba serikali ikarudi nyuma.

Jimbo la British Columbia, Kanada, lilianzisha kodi ya kaboni, yaani kodi ya mafuta yanayochafua hewa, Julai 2008. Kabla haijaanza, mwezi mmoja nyuma, serikali ilishamtumia kila mkazi hundi ya dola 100, na sheria ikasema mapato yake yatarudi kwa kupunguza kodi nyingine. Kodi ilikuwa ya aina moja na ile ya Ufaransa, na lengo lilikuwa moja. Tofauti ni kwamba huku mtu alipewa kwanza, kule alinyang'anywa kwanza. Kodi ile nayo ilipingwa na kusemwa vibaya, lakini ilianza bila barabara kufungwa.

Nikirudi kwenye mashauriano na wadau, nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu: kukusanya maoni hakutulizi mtu. Kinachotuliza ni kuona maoni yalibadilisha nini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalazimisha wananchi washirikishwe, na muswada wa fedha wa mwaka 2024, uliopendekeza kuongeza kodi, ulipitia vikao vya maoni kama kawaida. Hata hivyo vijana walifurika barabarani, watu wakauawa, tarehe 25 Juni waandamanaji wakaingia majengo ya bunge, na siku iliyofuata rais akakataa kuutia saini. Nikiletewa rasimu siku hizi huomba jedwali moja: maoni yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na kwa kila lililokataliwa, sababu kwa lugha ambayo aliyelitoa ataielewa. Maofisa hulichukia jedwali hilo, kwa sababu ni rahisi kuandika "maoni yamezingatiwa" kuliko kueleza kwa nini la mvuvi fulani halikuwezekana.

Limebaki suala la mwisho wa sera. Upendeleo wa makusudi ukikosa tarehe ya kwisha, hugeuka kuwa mali ya anayenufaika na kidonda cha anayeachwa. Ule mgawo wa nusu kwa nusu wa polisi wa Ireland Kaskazini ulilazimika kuhuishwa na bunge kila baada ya miaka mitatu, na mara ya mwisho haukuhuishwa. Katiba ya India nayo, ilipoanza kutumika mwaka 1950, ilitenga viti vya ubunge kwa jamii zilizokandamizwa na mfumo wa matabaka na kwa makabila ya pembezoni, kwa miaka kumi tu. Miaka kumi hiyo imekuwa ikiongezwa kila muongo. Wapo wanaoona huo ni ushahidi kwamba tarehe za kwisha ni mapambo. Mimi nauona kinyume: kila muongo bunge hulazimika kusimama na kusema hadharani kwa nini bado. Katika nyongeza iliyopitishwa mwaka 2019, viti viwili vya kuteuliwa vya Wahindi wenye asili ya Kiingereza viliachwa vife, huku vile vya makundi mengine vikiongezewa muda hadi Januari 2030. Muda huo ukifika, wabunge watatakiwa tena kuleta takwimu mezani, na takwimu hizo zinapaswa kuwa zinakusanywa sasa.